Benchi la Jilala na Nyasi za Nyanzobe

Siku ya kuniaga, mtendaji wa kata aliniomba niwaachie wajumbe wapya wa Baraza la Ardhi maneno mawili matatu. Niliongea, watu wakapiga makofi, pilau ikaletwa, na baada ya pilau hakuna aliyekumbuka nilichosema. Kwa hiyo naandika. Shule niliishia darasa la nne, hapa hapa upande wa Sapiwi, msitafute maneno ya ofisini humu. Naandika kama ninavyoongea, na namna ninavyoongea mnaijua.

Naitwa Milembe, binti Luhende. Wengi wenu mnaniita Bibi Baraza, na mkinikuta soko la Bariadi nachagua dagaa bado mnaniuliza habari za mipaka. Niulizeni tu. Lakini hapa sitaandika kesi za jirani na jirani, mbuzi walioingia kwenye choroko na mkonge wa mpaka uliohama wenyewe. Hizo mtajifunza kwa kuchoka. Nataka kuandika habari za mwenye shamba na serikali, maana ndizo zinazokuja kwenu sasa. Barabara inapanuliwa, nguzo za umeme zinapita, zahanati inajengwa, bomba la maji linakuja. Kila kitu kizuri kinachokuja kinataka mahali pa kukaa, na mahali hapo tayari pana mtu.

Mimi nilichaguliwa bila kuwepo. Sheria ilitaka wanawake barazani, mkutano ukakosa mkono wa mwanamke, na mimi siku hiyo nilikuwa shambani navuna pamba. Jirani yangu Mbuke akaja mbio mpaka katikati ya mistari, anahema.

"Milembe, wamekuchagua!"

"Nimefanya nini?" nikamuuliza.

Nilidhani ni kesi.

Mwenyekiti wakati huo alikuwa Mzee Jilala, mwana wa Machimu, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu hata jua likiwa kali. Siku yangu ya kwanza nilivaa kitenge cha harusi ya dada yangu, nikafika mapema, nikamsalimia kwa adabu zote. "Mwangaluka, baba." Akaitikia, akaniangalia kuanzia juu mpaka viatuni, akaniita mama kwa Kisukuma chetu.

"Mayu, unaweza kunyamaza?"

"Naweza."

"Basi nusu ya kazi umeshaijua. Kaa pale."

Nusu ya pili ilikuwa benchi. Hilo benchi mmelikuta, liko pale chini ya dirisha, na najua mmoja wenu ameshaanguka nalo. Fundi Sitta alilitengeneza kwa haraka, ubao akauacha mrefu, miguu akaiweka karibu na katikati. Watu wawili wakikaa, mmoja huku na mmoja kule, linatulia. Mmoja akiinuka ghafla, mwenzake anakwenda chini na ubao unamfuata. Wajumbe walitaka fundi aitwe. Jilala akakataa kabisa.

"Liacheni. Huyo ni mjumbe mwenzenu."

Kumbe alikuwa na akili yake. Kwenye baraza lile mlalamikaji na mlalamikiwa hawakukaa wakitazamana. Walikaa benchi moja, wote wanatutazama sisi. Mtu mwenye hasira kitu cha kwanza anachofanya ni kuinuka. Pale kwetu, kabla hajainuka, ilibidi amfikirie yule wa upande wa pili. Hata mtu wa serikali alikaa hapo hapo, hata akiwa na tai. Jilala alikuwa akisema, "Baraza letu halina pingu wala rungu. Hatuwezi kuihukumu serikali, na mwenye shamba hatuwezi kumfunga. Tunachoweza ni kukalisha watu." Na alikuwa anakalisha kweli.

Kesi yangu ya kwanza ya serikali ilikuwa ya Mzee Shija. Nyumba yake ilikaa kando ya barabara, watu wa barabara wakaja wakapiga X nyekundu ukutani. Shija akapaka chokaa juu yake. Wakarudi, wakapiga nyingine. Akapaka tena. Mchezo ule ulikwenda mpaka ukuta ukanenepa. Alipokaa benchini na kijana wa barabara aliyeitwa Godfrey, mtu wa Bukoba, sote tulingoja vita. Jilala akauliza swali moja tu.

"Shija, ile nyumba uliijenga barabara ikiwepo au haikuwepo?"

"Ilikuwepo. Lakini ilikuwa nyembamba."

Watu walicheka mpaka Shija mwenyewe akacheka. Ndipo akasema shida yake. Nyuma ya nyumba mahindi yake yalikuwa mabichi, alitaka yakomae kwanza, ndipo abomoe mwenyewe na kuchukua bati zake zikiwa nzima. Godfrey akashika kichwa.

"Sasa mzee, si ungesema?"

"Si ungeuliza? Ulikuja na brashi."

Wakaondoka pale wanaongea mahindi. Tangu siku hiyo, kabla ya kuuliza mtu anakataa nini, nauliza kwanza alikuwa anangoja nini.

Vifaa vya kazi yangu havikuwa vingi. Buti za mvua, fimbo ya mkwaju ya kufukuzia nyoka, chupa ya maji, na kanga moja ya ziada ya kukalia. Mkanda wa kupimia wanakuja nao wenyewe. Jilala hakuamua kesi ya ardhi ndani ya chumba hata siku moja. "Twendeni tukaone," basi, tunatoka. Nilijifunza pia kumwita mke wa mwenye shamba. Kwenye kesi ya zahanati, bwana mmoja, Ndalahwa, alituonyesha mpaka kwa mkono akiwa amesimama mbali, mkono ukazunguka mpaka nusu ya kijiji. Mkewe Ngolo hakunyoosha mkono. Alitembea mpaka kwenye kisiki, akaweka mguu, akatutazama. Ndalahwa akashusha mkono. Mwanaume anauelekeza mpaka kwa kidole, mwanamke ameulima kwa jembe.

Jilala alipofariki nilifanywa mwenyekiti. Hilo sitalieleza sana, kiti kilikuwa kile kile na mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Nataka niwaelezee kesi ya Nyanzobe, kwa sababu wengi wenu mnakunywa yale maji na hamjui yalipita wapi.

Mradi wa maji ulipofika kwetu, ulihitaji tanki kubwa juu ya kilima, na kutoka kwenye tanki bomba lishuke kijijini. Kilima chenyewe mnakijua, kile chenye mawe kichwani na nyasi mteremko mzima. Mteremko ule ulikuwa wa Nyanzobe, mjane wa Limbu. Ulikuwa ngitili yake.

Wajumbe mliotoka mbali, sikilizeni hapa. Ngitili ni eneo la nyasi ambalo mwenyewe analifunga mvua zikianza. Haingii ng'ombe, haingii mtu na panga. Nyasi zinaota, zinakomaa, zinakaukia hapo hapo zikiwa zimesimama. Kiangazi kikikaza, huku chini kukiwa hakuna hata jani la kuswakia meno, mwenyewe anafungua kipande kwa kipande, na ng'ombe wake wanavuka mwaka. Alama ya kufungwa ni fundo la nyasi kwenye njia ya kuingilia. Ukilivuka, unajibu kwa wazee wa dagashida, lile baraza letu la mila, na kule hakuna cha "sikujua."

Nyanzobe hakuwa na mifugo mingi. Alikuwa na ng'ombe wa maziwa wachache na maksai wawili wa kulimia, Sharubu na Meli. Mwaka mmoja kabla hajajua kuitunza vizuri ngitili ile, nyasi ziliisha mapema, shemeji yake akawaswaga ng'ombe mpaka kwa ndugu zao wa Lingeka, kule Meatu. Waliorudi unaweza kuwaita kwa majina bila kuchoka. Limbu alikufa muda si mrefu baada ya hapo. Kwa hiyo Nyanzobe akiangalia zile nyasi, anaona jembe lake, maziwa ya wajukuu wake na ada zao za shule.

Upande wa pili ni sisi wengine. Mkwe wangu Holo alikuwa anaamka anakwenda mtoni kufukua mchanga, anasubiri maji yajikusanye kama jasho, anachota kwa kikombe. Ndoo ikijaa ana tope mpaka kwenye nywele. Wanawake wa kijiji kizima ndivyo walivyoishi kila kiangazi. Tanki lile tulilihitaji kuliko tulivyohitaji kiongozi yeyote.

Wapimaji walikuja wakati wa mvua, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Injinia wao alikuwa Rashidi, mtu wa Tanga, kijana mpole mwenye Kiswahili kitamu, anasema "tafadhali" hata kwa mbuzi. Alikuja pamoja na mthamini wa kuangalia mali za watu. Wakapewa mwenyekiti wa kitongoji, Maduhu, awaongoze. Wamepanda vizuri, wamefika kwenye fundo la nyasi, Maduhu akasimama.

"Hapa hatupiti," akasema.

"Kuna nini, mwenyekiti?"

"Hatupiti tu."

Na Nyanzobe siku hiyo alikuwa amepeleka mjukuu hospitali Bariadi. Rashidi akatazama mbele, haoni nyumba, haoni pamba, haoni mtama. Anaona nyasi. Akapima kwa vyombo vyake kutoka pale pale, mthamini akaandika kuwa ni pori lisilo na matumizi, wakashuka. Njia ya malori ya kujengea tanki ikachorwa katikati ya mteremko, maana ndipo palipolala vizuri.

Nyanzobe alijua habari hizo siku alipoliona katapila. Alikwenda mbele yake, akashika nyasi upande huu na upande huu wa njia, akafunga fundo. Akasogea hatua chache, akafunga jingine. Halafu akakaa kwenye jiwe, akajifunika kanga kichwani.

Dereva wa katapila alikuwa mtoto wa Maswa. Alizima mashine, akashuka, akasema yeye ana mama. Vibarua wote walikuwa wa kwetu, wakaweka sururu chini. Rashidi alipoletwa akawa anazunguka lile fundo kama mtu aliyekuta nyoka.

"Jamani, kweli kabisa, mtambo mzima umesimamishwa na nyasi?"

"Injinia," dereva akamwambia, "vuka wewe, sisi tutakuangalia."

Hakuvuka. Alileta malalamiko barazani, naye Nyanzobe akaleta ya kwake, na kabla sijawaita wote wawili Holo alinikabili jikoni kwangu mwenyewe.

"Mama, nasikia Nyanzobe amezuia maji."

"Amezuia katapila."

"Si ndiyo maji hayo? Wewe ni mwenyekiti. Mwambie atoke."

"Nitawaita wote wawili."

"Uwaite! Sisi tunachota tope, wewe unamlindia Nyanzobe majani."

Nilichukua ndoo yake nikaitazama, chini ilikuwa imejaa mchanga. Nilijiambia kwamba tanki litajengwa juu ya kile kilima, na Nyanzobe hataswaga ng'ombe kwenda Lingeka. Nikasema yote mawili kwa sauti, Holo akaniambia nachagua pande mbili kama mchumba mwongo. Nikamwambia ndiyo kazi niliyopewa.

Kikao cha kwanza kiliharibika. Watu walijaa mpaka madirishani, wanawake wengine walikuja na ndoo tupu wakaziweka mlangoni ili tuzione. Rashidi akakaa ncha moja ya benchi, Nyanzobe nyingine. Maduhu alikaa nyuma kabisa, na nilimwona anaangalia viatu vyake, lakini sikuelewa bado.

Rashidi akaeleza kwa adabu. "Bibi mwenyekiti, shikamoo. Mradi huu ni wa wote. Mama huyu atafidiwa kwa mujibu wa sheria kwa kila kilichopo. Ila pale pana pori tu, hakuna mazao, wala hakuna..."

Hakumaliza. Nyanzobe aliinuka.

"Pori? Pori ni kwenu!"

Benchi likafanya kazi yake. Injinia akaenda chini na makaratasi yake yote, ubao ukamfuata begani. Watu wakacheka, na kicheko kile hakikuwa kizuri. Rashidi akainuka amejaa vumbi, akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyemsukuma, akasema atapeleka suala hili wilayani, liamuliwe huko. Nyanzobe naye akasema tanki wakaliweke kwenye uwanja wa shule, kuna nafasi kubwa, waache kilima cha watu. Akatoka. Wanawake wakampisha mlangoni bila kumsalimia, na hilo kwetu ni jambo kubwa. Mtu anaweza kuishi na njaa, lakini kunyimwa "mwangaluka" ni vigumu.

Nikakumbuka swali nililojifunza kwenye kesi ya Mzee Shija, mtu anangoja nini. Rashidi alikuwa anangoja nini, nililijua. Nyanzobe alikuwa anangoja nini, nililijua. Ambacho sikukijua ni kwa nini mthamini aandike pori mahali ambapo mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, mtu aliyezaliwa hapa, mwenye ngitili yake mwenyewe. Nikamfuata Maduhu kwake. Alikuwa anatengeneza nira.

"Maduhu, siku ile mlipofika kwenye fundo, uliwaeleza nini wale wageni?"

"Niliwaambia hatupiti."

"Na ukawaeleza kwa nini?"

Akaendelea kukaza kamba ya nira mpaka ikalia.

"Mayu, yule ni msomi. Ana darubini yenye miguu. Nimwambie mimi mtu mzima mwenye masharubu naogopa fundo la nyasi? Niliona aibu. Nikaona bora nikae kimya, watajua wenyewe."

"Watajuaje?"

"Hilo sikulifikiria."

Sikumgombeza. Nani kati yetu angesema? Mtu akitoka mbali na vyombo vyake, tunaficha mambo yetu kama tunavyoficha sufuria iliyoungua. Tunamwonyesha yale tu tunayodhani anayaheshimu, halafu tunakasirika hakuona mengine. Nilimwambia tu kwamba kesho kutwa atayasema hayo hayo, mbele ya Rashidi, na kilimani, siyo barazani.

Kabla ya hapo nilikwenda kwa Mzee Gamaya, mkubwa wa dagashida, kuomba ngitili ifunguliwe wakati wa mvua. Ombi hilo halijawahi kupendeza. Alinisikiliza, akavuta ugoro, akapiga chafya.

"Watakuwa na panga?"

"Hawana."

"Ng'ombe?"

"Hakuna."

"Wataingia watu gani?"

"Injinia, mthamini, Maduhu na mimi. Nyanzobe akikubali."

"Basi afungue Nyanzobe mwenyewe, kwa mkono wake. Na mtembee mmoja nyuma ya mwenzake. Msinilalie nyasi kama ngiri."

Kwa Rashidi kazi ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoogopa. Alikuwa bado hajapeleka barua wilayani. Nilimkuta kwenye hema lake anapaka dawa begani.

"Bibi, lile benchi lenu ni baya."

"Ni baya sana," nikakubali. "Njoo kesho kutwa tutembee, huko hakuna benchi."

Tulipofika kwenye fundo, mvua ilikuwa imenyesha na buti zetu zilikuwa nzito kwa udongo mweusi. Nyanzobe alikuwa ameshafika. Hakunisalimia kwa furaha, lakini alinisalimia. Nikamgeukia Maduhu, naye akasema. Alisema akiangalia kofia yake, lakini alisema yote, fundo ni nini, dagashida ni nini, na kwamba alikaa kimya kwa aibu. Rashidi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwenyekiti, kwetu Tanga kuna misitu ambayo babu yangu haingii mpaka leo. Na mimi siingii. Ungeniambia tu."

Maduhu akavaa kofia yake. Nyanzobe akainama, akafungua fundo taratibu bila kukata hata unyasi mmoja, akasema, "Nifuateni nyayo. Msikanyage pembeni."

Ndani, nyasi zilikuwa zinafika kifuani kwa Rashidi. Zilikuwa na unyevu, zinanukia, na chini yake udongo ulikuwa umeshikana vizuri. Nyanzobe alikuwa anaonyesha kipande kimoja kimoja. Hiki hufunguliwa kwanza. Hiki ni cha ndama. Hiki ni cha maksai siku za kulima, kwa sababu maksai akiwa hana nguvu, jembe ni chuma tu. Mthamini, bwana mnene aliyekuwa anapumua kwa shida, akasimama akaanza kuandika upya bila kuambiwa na mtu. Alisema sheria inataka mwenye ardhi asimame pale inapothaminiwa, na safari ile hakusimama mtu. Yaliyohusu fedha yalikuwa ya Nyanzobe na serikali, nami siyaandiki hapa.

Tulipofika juu, Nyanzobe akarudia la uwanja wa shule. Rashidi hakubishana. Alitoa kwenye mfuko ule mpira mwembamba wa kuona maji, ambao mafundi wa nyumba hutumia kupata usawa wa msingi. Akaujaza maji, akampa Nyanzobe ncha moja.

"Mama, wewe ni kijiji. Mimi ni tanki la uwanja wa shule. Shikilia hapo ulipo, usishushe mkono."

Akachuchumaa. Maji upande wa Nyanzobe yakashuka, yakapotea kabisa. Nyanzobe akatikisa mpira, akachungulia ndani kwa jicho moja.

"Yamekwenda wapi?"

"Yamenifuata mimi chini, kule uwanjani. Sasa mimi ni tanki la kilimani, ngoja." Akapanda juu ya jiwe, maji yakamrudia Nyanzobe mpaka yakamwagika mkononi.

Aliangalia ule mkono wenye maji. Kisha akaangalia kijiji chini, akaangalia mawe yaliyotuzunguka.

"Kwa hiyo lazima hapa."

"Lazima hapa, mama. Ningekuwa na pengine nisingekusumbua."

"Hapa kwenye mawe ng'ombe hawapati kitu. Hapa chukueni. Njia yenu ya malori ndiyo siitaki. Kwa nini msipite nyuma, kule kwenye majabali?"

Rashidi akaenda akatazama upande wa nyuma. Akarudi anakuna kichwa. "Niliukimbia upande ule. Katapila litalia."

"Liache lilie," Nyanzobe akasema. "Mimi nimeshalia."

Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilimwona Rashidi anacheka. Likabaki bomba la kushuka, ambalo lilikuwa lazima lipite kwenye mteremko, maana kijiji kiko upande huo. Mtaro ukichimbwa sasa, nyasi zinakufa kabla hazijakomaa. Ukingoja mpaka kiangazi kiishe, Holo na wenzake wanafukua mchanga mwaka mwingine. Tulisimama pale kila mtu na mawazo yake. Maduhu ndiye aliyesema, na alisema kwa sauti ya mtu anayewaza kazi ya kawaida ya kwake.

"Si ng'ombe watangulie? Tanki lijengwe sasa kutoka nyuma. Likiisha, itakuwa kiangazi. Nyanzobe atafungua kipande, ng'ombe wale, wakimaliza wasogee kinachofuata, vibarua wachimbe kile walichokitoka. Ng'ombe mbele, sururu nyuma."

Rashidi akamwangalia, akaniangalia mimi. "Hiyo inawezekana," akasema. "Udongo tunaurudishia siku hiyo hiyo."

Kipande kitakachobaki na bomba chini, Mzee Gamaya na wenzake walimfidia Nyanzobe kwa kumpa ruhusa ya kulisha kwenye kona ya ngitili ya kijiji. Hilo walilifanya bila kuombwa na serikali.

Kikao cha mwisho kilikuwa kifupi. Walikaa benchini kama mwanzo, huku na kule, nami nikasoma tuliyokubaliana, kila mmoja akatia saini yake, Nyanzobe akatia dole gumba. Watu walikuwa wengi kama siku ile, na ndoo ziko mlangoni. Nyanzobe alikusanya kanga yake, akashika ukingo wa ubao. Kisha akamgeukia Rashidi.

"Injinia, nainuka. Jishike."

Rashidi akaweka mikono miwili kwenye ubao, miguu akaikaza chini. Nyanzobe akainuka taratibu. Benchi likayumba, halikuanguka. Mlangoni Holo alikuwa amesimama na ndoo yake. Nilimwangalia. Akasogeza ndoo kwa mguu, akasema, "Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka," Nyanzobe akajibu, akamuuliza kama ni salama. "Mhola?"

"Mhola duhu."

Kiangazi kile niliona kitu ambacho sitakisahau. Sharubu na Meli wako mbele wanatafuna, nyuma yao mstari wa vijana wenye sururu, na nyuma yao Rashidi anatembea na Nyanzobe wanabishana kama mama na mwana kuhusu ndama mmoja aliyezoea kulala mtaroni. Maji yalipofunguliwa, bomba lilikohoa, likatema tope, kisha yakaja. Holo alijaza ndoo mpaka ikamwagika, akaiacha imwagike tu. Sharubu na Meli hawakwenda Lingeka.

Sasa wajumbe wangu. Kesi zenu zitakuwa kubwa kuliko zangu, hayo nayasikia. Kuna reli, kuna umeme mkubwa, na watu watakaokuja watakuwa na haraka kuliko Rashidi. Wakalisheni. Mpelekeni kila mmoja akaone, na mwenye ardhi awepo, na mke wa mwenye ardhi awepo. Mkiwaongoza wageni na mkafika mahali msipopita, semeni kwa nini, hata mkiona aibu. Na mkiona kijiji kizima kimekasirika upande mmoja, hata mkwe wako jikoni, kaa hapo hapo ulipokaa mpaka pande zote mbili zipate pa kusimama.

Mtendaji ameniambia mtaletewa viti vipya vya plastiki, kila mtu na chake. Ni vizuri, vina mahali pa kuwekea mikono. Vikalieni ninyi. Lile benchi liacheni lilipo, na fundi asiliguse.

Nami sasa nainuka. Jishikeni.